Gari la Baba Kutoka Getini

Baada ya kumzika baba, familia ilikaa uani kwetu Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, na baba mkubwa, mstaafu wa reli kama baba, akatoa hukumu kuhusu gari. Siku ya kuondoa matanga, likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe, mama akiwa ndani, litabaki kuwa la mama. Likishindwa, litauzwa kwa watu wa vyuma chakavu siku hiyo hiyo. Alisema kitu cha marehemu kisichotembea huyashikilia matanga yasiishe. Mama alilitazama lile gari, ambalo ndilo lililomleta kwa baba siku ya arusi yake, kisha akainamisha kichwa. Mimi, kitinda mimba, nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, lakini mbele ya wakubwa niliendelea kukusanya vikombe.

Lilikuwa gari la Kifaransa, familiale ya viti safu tatu, la zamani kuliko mimi, na mimi si binti tena. Lilikaa juu ya matofali miaka mingi. Injini ilikuwa imekwama na panya walikuwa wamejenga ndani ya viti. Bodi peke yake ndiyo iliyosalimika, kwa sababu kila mwaka kabla ya mvua baba aliipaka rangi ya kijivu, nzito kama ya mabehewa. Sisi watu wa reli hatuwezi kuona chuma kitupu tukakipita. Majirani walitutania kwamba tunangoja treni.

Nilikwenda Katuba kumtafuta fundi wa baba, mzee tuliyemwita Papa kwa heshima, ambaye wazazi wake walitoka Kasai na yeye akazaliwa hapa hapa. Baba hakuruhusu mkono mwingine uguse ile injini. Fundi alikuja, akalizunguka gari, akagonga hapa, akanusa pale. Nilipomwuliza kama litapona, akanijibu kwamba swali hilo nimwulize mgonjwa mwenyewe. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha: hakutaka sifa. Ukimwambia amefanya vizuri, alifungua upya kile alichomaliza kufunga na kukikagua tena, akiogopa kwamba sifa zimemlegeza mkono. Baada ya kumsifu mara mbili na kupoteza mchana mzima, nilijifunza kufunga mdomo.

Kabureta ilikuwa imeoza, na kutafuta nyingine kulitupeleka mpaka Lukafu. Mkulima mmoja huko alikuwa na gari kama letu, limezama kwenye mahindi, nasi tulifika na spana zetu tukiwa tumejaa matumaini. Chini ya boneti, juu ya injini, tulimkuta kuku ameatamia mayai. Mkulima alisema kabureta tutapewa, lakini kuku wake hataamshwa. Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka. Fundi hakubishana. Aliketi akala mahindi ya kuchoma, akampa mkulima ushauri kuhusu mashine yake ya kusaga, kisha tukarudi Lubumbashi mikono mitupu. Vifaranga vilipototolewa, mkulima alituita yeye mwenyewe, na kabureta alikuwa ameshaifungua na kuisafisha.

Siku injini ilipowaka mara ya kwanza ilikohoa, ikatema moshi mweusi, halafu ikatulia na kunguruma kwa sauti niliyoijua tangu utotoni. Nililia bila aibu. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni mpaka fundi alipoizima.

Sasa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu walikuja kuona, wakanisifu kwa kushupaa kwangu, na mimi si fundi wa Katuba, sifa nazipenda. Siku moja kabla ya kuondoa matanga, nilipokuwa peke yangu, nilifungua boneti ili ndani pia papendeze. Nikaona pale waya mnene wa betri unapofungwa kwenye bodi pamekwanguliwa, chuma kinang'aa uchi. Nilifungua boliti, nikapaka rangi ya baba kwenye bodi na kwenye kichwa cha waya, ikakauka, nikafunga. Nililala nikiwa nimejaa fahari.

Kesho yake tulitoka misa, uani pamejaa watu, bukari, ndio ugali wetu, inapikwa, wanunuzi wa vyuma wamesimama nje na mkokoteni wao. Mama aliketi mbele, mimi nyuma, fundi kwenye usukani. Akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Hata taa haikuwaka.

Fundi alishuka, akafungua boneti, akatazama ndani. "Nani alipakaa rangi hapa?"

"Ni miye, Papa."

Alieleza kwa upole kwamba hapo chuma lazima kiguse chuma, la sivyo umeme hauna njia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mmoja wa wanunuzi alikuwa ameshaingia getini. Baba mkubwa naye alisogea, na nikajua mambo yameisha. Akainama, akapagusa pale kwa kidole.

"Hata miye ningepakaa," akasema. "Chuma kitupu, utakiacha namna gani?"

Akatoa kisu mfukoni, akaanza kukwangua mwenyewe, katika suti yake ya misa. Fundi akafunga boliti. Ufunguo ukageuzwa, injini ikaitika, na gari likapita getini huku watu wakikimbia kando yake wakipiga makofi. Tulikwenda mpaka kwenye lami, tukarudi tukiruka mashimo yote ya barabara, fundi akipiga honi. Wanunuzi wa vyuma tuliwakuta wameketi, wanakula bukari, mkokoteni mtupu. Nilikuwa na furaha ya kunipasua kifua.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa anangoja penye kiti cha desturi cha kumketisha mjane. Kwetu dada wa marehemu ndiye anayemfungua mjane kitambaa cheusi cha kichwani, na mjane hajifungui mwenyewe. Mama alishuka polepole. Alimtazama fundi, ambaye alikuwa anatafuta pa kufutia mikono yenye grisi. Mama akainua mikono, akakifungua kile kitambaa mbele ya watu wote, akamnyoshea fundi.

"Pangusa mikono, Papa. Kilio kimeisha."

Fundi hakuthubutu, alimtazama shangazi. Shangazi akasogea, akakichukua kitambaa kutoka mikononi mwa mama na kuanza kumpangusa fundi yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja.