Nani Kazifunua Kuni

Asubuhi moja ya masika nilitoka katika chumba cha kupanga na mkoba wa hina begani, bila kujua nakwenda wapi. Ndivyo ninavyoishi. Shule niliiacha darasa la sita, nyumba sina, na miguu yangu haipendi kukaa mahali pamoja. Nikisikia kuna harusi, huenda kuwapamba mabibi harusi. Nisiposikia, huenda tu. Siku ile sikufika mbali. Katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, nyuma ya jiko la halwa, mtu alikuwa anaondoa turubai juu ya rundo la kuni, na harufu ikanijia: gome bichi, uyoga, na nailoni iliyopigwa na jua na mvua. Nikasimama pale pale. Wengine harufu hiyo huwakumbusha chai ya asubuhi. Mimi hunirudisha Uroa, kijijini kwetu, mwaka niliokuwa na miaka minane.

Tulikuwa watatu nyumbani: bibi yangu, mama yangu na mimi. Baba alikwenda bara kutafuta kazi, akaipata au hakuipata, hatukujua, maana hakurudi. Mama alikuwa mkulima wa mwani, lakini mwaka ule hakwenda pwani hata siku moja. Alilala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha la nyuma, uso umekonda, miguu imevimba. Hospitali walikwishamrudisha na vidonge vya maumivu na maneno machache ambayo mimi sikuambiwa. Na mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Jirani yetu Bi Tatu alikuwa akisema nikizaliwa mara ya pili nitazaliwa polisi.

Masika yalipokaribia, bibi akaanza kupanga kuni nyuma ya nyumba. Kwetu kuni zilikaa jikoni, vipande vitano sita, za kesho na keshokutwa. Hizi zilikuwa nyingi. Alitandika mawe chini zisigusane na udongo, akalaza magogo ya mikoko, juu yake mivinje, kila kipande gome likitazama mbinguni. Rundo likatanda kupita upana wa mlango, kimo likanifika kifuani. Mwisho akatandaza turubai la kijani lililotupwa na mafundi wa hoteli, akaniita.

"Naam, bibi."

"Njoo nkufunze. Usizifunike gubigubi. Kuni zataka pumzi. Juu zikingwe mvua, ubavuni upepo upite. Ukizibana zitaota ukungu."

"Tutapikia nini?"

"Shughuli."

"Harusi ya nani?"

"Riziki, shika kamba."

Nikashika kamba. Akafunga pembe nne kwenye vigingi, mafundo manne, akayavuta mpaka yakalia.

Tangu siku ile nikaanza kuona mambo. Watu waliokuja kumtazama mama hawakupita mbele tu. Walimpa pole, wakamwambia amenawiri, kisha wakazunguka nyuma na kuacha kipande cha kuni juu ya rundo. Mmoja gogo, mwingine tita la vijiti. Hawakusema neno, na bibi hakuwauliza. Aliinua turubai, akakipanga kipande kile, akafunika. Kila mgeni alipoondoka, rundo lilikuwa limenenepa na mama amepungua.

Mimi niliona fahari. Nikamwambia Zuhura, binti wa Bi Tatu, aliyenizidi miaka miwili na maarifa yote ya dunia: "Kwetu kuna shughuli kubwa. Umeziona kuni?"

Zuhura akacheka mpaka akaketi chini. "Shughuli! Mjinga we. Za matanga hizo. Mamaangu kasema bibi yako hataki kuaibika, masika kuni kavu hazipatikani."

"Matanga ya nani?"

"Hebu! Nani anaumwa kwenu, paka?"

Nilimpiga, akanipiga zaidi. Nikarudi nyumbani na sikio linawaka, nikakaa kizingitini kulitazama lile turubai. Upepo ulikuwa unaliinua kidogo na kulishusha, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikafikiri kadiri akili yangu ilivyokuwa. Bibi yangu hakuwahi kuanza kazi mpaka vyombo vyote vitimie. Hata mkate wa kumimina hakuukoroga kabla nazi haijakunwa. Basi kifo cha mama kilikuwa kinangojea kuni tu. Kuni zikiwa tayari, atakufa. Zisipokuwa tayari, hawezi.

Alasiri ile, bibi alipokuwa anasali na mawingu yamekuwa meusi upande wa bahari, nilifungua mafundo mawili, nikalifunua turubai. Mvua ikapiga. Bibi akatoka, akazitazama kuni, akalitazama gauni langu lililolowa, akafunika.

"Upepo wa siku hizi una vidole," akasema.

Nilifunua tena kesho yake, na keshokutwa. Mara ya nne nikakuta amefunga fundo jingine, gumu, la kamba ya makumbi ya nazi iliyolowekwa. Nilihangaika nalo huku mvua inanipiga mgongoni, mpaka kucha zikatoka damu. Dirisha likafunguka kidogo.

"Riziki, wafanya nini mvuani?" Sauti ya mama ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Nacheza."

"Cheza, mwanangu."

Sikuweza kulifungua. Nikaenda kulala nimeshindwa.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa bado inanyesha, ile nzito isiyo na upepo. Nikatoka. Kuni zilikuwa wazi, maji yanatiririka juu yake. Turubai limekunjwa mara nne, jiwe juu yake. Kamba haikukatwa, ilikuwa imeviringwa pembeni. Ndiyo siku pekee ya utoto wangu ambayo sikuuliza. Nilisema moyoni ni malaika kanimalizia kazi yangu. Jikoni bibi alikuwa anakausha kanga zake motoni, zote mbili zachuruzika, akanipa chai nami nikanywa kwa furaha. Zilibaki wazi siku ile na iliyofuata, na mimi nikatembea kama mtu aliyeshinda vita.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, mama akafa.

Kuni zilifuka. Moshi mweupe ulitambaa uani, ukaingia mpaka walikokaa wafiwa, na sufuria la wali likagoma kuchemka. Bi Tatu akapiga kelele: "Nani kaziacha kuni wazi masika haya? Watu wote hawa watakula nini?"

Sauti ya bibi ikatoka dirishani, pale pale alipolala mama.

"Mimi."

"Wewe, Bi Pili? Ulozipanga mwenyewe?"

"Mimi, Tatu. Pikeni hivyo hivyo."

Sikuweza kumtazama bibi tena. Nilijua amesema uongo mbele ya watu, katika msiba wa mwanawe, ili kunificha mimi.

Matanga yalipokwisha, mama mdogo Saumu, mdogo wake mama, alinichukua kwake Bububu. Alinionyesha chumba, akanitandikia mkeka, akasema, "Hapa ndo pako sasa." Ndipo nikalia, nikamwambia yote: kwamba bibi kadanganya kwa ajili yangu, mwenye makosa ni mimi.

"Mara ya mwisho ulifunua wewe?" akaniuliza.

"Ile ya mwisho nilishindwa. Fundo lilikuwa gumu. Nilikuta tayari limefunguliwa, turubai limekunjwa."

Mama mdogo aliacha kutandika. Akajifuta uso kwa shuka alilotaka kunitandikia, akaniambia nilale.

Ilinichukua miaka mingi kujua alichokisikia. Bibi yangu alikuwa amempangia mwanawe kuni kwa mikono yake, gome juu, mawe chini, kama mwanamke mwenye akili anavyopaswa. Kisha, mtu mzima yule, alitoka mvuani akafungua mafundo yake mwenyewe, moja baada ya moja, kwa tumaini lile lile la mtoto wa miaka minane. Hakudanganya kwa ajili yangu. Aliulizwa ni nani, akajibu.