Metrine na Mpishi wa Kithai

Metrine Nafula alizaliwa karibu na soko la Chwele, Bungoma, na tangu utotoni alijua kulia mbele ya watu. Alinieleza mwenyewe, tena akijisifu, kwamba mwalimu alipoinua kiboko, machozi yake yalikuwa yameshafika kidevuni, na aliyepigwa alikuwa mwenzake wa dawati. Nasimulia maisha yake kwa sababu yeye aliyaeleza yangu bila kuniuliza. Yeye aliongeza chumvi. Mimi sitaongeza.

Aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, akazaa watoto watatu, na yule fundi akahamia kwa mwanamke mwingine ng'ambo ya barabara ileile, hivi kwamba Metrine akianika nguo alikuwa anaona mashati ya mumewe kwenye kamba ya mwenzake. Aliwaacha watoto kwa mama yake akaja Riyadh. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa Al-Naseem, ukuta mmoja na nyumba niliyokuwa nafanyia kazi wakati huo. Tulikutana kwenye pipa la takataka. Maji yalikuwa yamekatika kwao tangu asubuhi, na hakujua hata kumwambia madam wake mafi moya, hakuna maji. Nilimfundisha maneno hayo hapo hapo, yeye ameshika mfuko wa taka, mimi nimeshika wangu.

Nilimfundisha mengi baada ya hapo. Jinsi ya kupika kabsa bila wali kushikana. Jinsi ya kupiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba ili kola isimame. Madam wake alipomchukulia simu, nilimpitishia yangu ya zamani juu ya ukuta, imefungwa ndani ya mkate. Kisha kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, akampeleka Jeddah kwa dada yake, nami nikahamia Al-Malqa kwa familia nyingine, kwenye nyumba kubwa yenye ngazi mbili. Tukabaki watu wa simu.

Ijumaa ndiyo siku yetu. Baada ya chakula cha mchana nyumba za Waarabu hulala, baba na madam na watoto, hadi saa ya alasiri. Hapo ndipo wanawake wa Kenya wa Riyadh na Jeddah huingia kwenye simu moja ya kikundi kuomba pamoja. Kila mtu hujifungia chumba cha kufulia, mashine inazunguka ili sauti isipande juu. Kwa sababu ya zile mashine, kila mtu hufunga kipaza sauti chake, isipokuwa anayeongoza maombi. Wake huwa wazi toka mwanzo hadi mwisho, ili tusikie akiitikia amina. Kiongozi alikuwa Mama Priscah, mwanamke wa Vihiga aliyezeeka katika nchi hii. Kwa watu walioachwa bila siku ya kupumzika, simu hiyo ni kanisa, ni jamaa, ni soko.

Sasa niseme kuhusu tamthilia.

Katika nyumba ya Al-Malqa kuna msichana wa chuo. Nitamwita Joud, ambalo si jina lake. Joud anapenda tamthilia za Wathai, zile ambazo vijana wawili wa kiume wanapendana. Huangalia kwenye chumba cha kupigia pasi, kwa sababu mama yake haingii humo. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na maandishi yale ya chini ya picha hupita kabla sijamaliza neno la kwanza. Joud alinisomea kwa Kiarabu, polepole, huku nikipiga pasi. Mwanzoni nilimwambia hayo mambo sitaki kuyaona. Nikageuza uso kwenye kanzu. Lakini masikio hayageuki.

Ilikuwa habari ya Tan, mpishi wa tambi kwenye kibanda cha mtaani, na Phu, mtoto wa tajiri aliyekuja kula kila siku hata kama hana njaa. Siku moja Tan aliungua mkono, Phu akamwoshea vyombo vyote, kisha akasimama kando ya beseni akalia kwa sababu alikuwa amemkaripia asubuhi, na sasa hakujua aanzie wapi kuomba msamaha. Nikaacha pasi juu ya kola mpaka Joud akasikia harufu. Filamu zote nilizowahi kuona, za Kinaijeria, za Kifilipino, za Kihindi, mwanamke ndiye hulia jikoni. Hapa mwanamume alilia jikoni, na hakuna aliyempiga. Nimeishi na mume. Sikujua wanaume wana maneno kama yale midomoni, hata kama wanawapa wanaume wenzao.

Nikaanza kuwasimulia wanawake wachache kwa ujumbe wa sauti, baada ya maombi. Kila mmoja alikuwa na maoni yake. Eddah wa Al-Naseem alisema ni dhambi tupu, kisha akauliza kama mkono wa Tan umepona. Maryann, aliyetoroka mwajiri na sasa anakaa Manfuha, alisema yeye hajali nani anampenda nani, anataka tu kujua hizo tambi Tan anazipikaje. Mimi nilisema ni watu wawili wanaoheshimiana, na mwenye kuona dhambi azime simu. Hawakuzima.

Metrine hakuwa kwenye hao wachache. Yeye alinipigia peke yake, asubuhi akimenya viazi. "Nipe kidogo, Mama Valary," alikuwa akisema, kama mtu anayeomba chumvi. Nilimpa. Baadaye akaanza kutafuta vipindi mwenyewe na kuviona kabla yangu. Alimpenda Tan kuliko nilivyowahi kumsikia akipenda mtu aliye hai. Nilipomwambia siku moja kwamba Tan ana kiburi, alinikatia simu, na kwa majuma kadhaa hakunipigia tena. Alisema Tan ni yeye. Mtu anayefanyia wengine kazi na hakuna anayemuuliza amekula.

Kisha Mama Priscah akapata shida ya koo, akasema anataka mtu wa kuongoza maombi badala yake. Wanawake wakanitaja mimi. Wengine wakamtaja Metrine, kwa yale machozi yake.

Ijumaa iliyofuata, Metrine aliomba nafasi ya kusema. Akalia kwanza. Akasema moyo wake umebeba mzigo. Kisha akacheza sauti yangu kwenye simu, mbele ya wote, nikisimulia jinsi Phu alivyomshika Tan mkono. Alikuwa ameipata kwa Eddah, kwa kumdanganya kwamba anataka kuniombea. Akauliza kikundi kama huyu ndiye atawaongoza mbele za Mungu, mwanamke anayeeneza mambo ya mashoga hadi ndani ya simu za wake za watu.

Nilifungua kipaza sauti changu nikasema naye anaangalia. Metrine akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hata majina yao hayajui. Sikuwa na kitu cha kuonyesha. Yeye alinipigia tu, hakuwahi kuandika wala kurekodi, na simu iliyokatika haiachi sauti. Mama Priscah akaniambia kwa upole nikae kando mpaka nitubu. Jioni sikuona tena kikundi kwenye simu yangu.

Ningeweza kubeba hayo. Lakini Metrine hakulala kabla hajapiga simu Kenya. Kanisa letu la nyumbani ni moja, la Chwele, ingawa kule hatukujuana, na alimpigia Mama Mirriam, kiongozi wa akina mama, akamwambia kwamba Mama Valary huku Arabuni amegeuka, anaangalia wanaume wakishikana na kuwafundisha wengine. Binti yangu Valary alikuwa anatarajia wageni wa kuja kumposa mwezi huo. Chakula kilikuwa kimepangwa. Wageni wakatuma ujumbe kwamba wameahirisha, bila sababu. Valary alinipigia, na hakulia. Aliuliza tu, "Mama, ulifanya nini?" Nimefanya kazi nchi hii nikiwa na homa, nikiwa na mkono uliovimba. Swali hilo ndilo lililonikalisha chini, kwenye sakafu ya chumba cha kufulia.

Miezi ikapita bila kusema Kiswahili na mtu. Ijumaa nyumba ililala, nami nilikaa mbele ya mashine nikitazama nguo zikizunguka. Metrine sasa aliongoza maombi. Niliyapika niliyotaka kumtendea kama mtu anavyopika maharagwe, kwa moto mdogo.

Nilimtumia Mama Priscah ujumbe kwamba niko tayari kutubu. Desturi ya kikundi ni kwamba aliyetengwa hurudi kwa kusema kosa lake mbele ya wote, na akishamaliza anaombewa. Akafurahi. Siku hiyo niliingia chumba cha kufulia na simu mbili, yangu na moja ya zamani aliyonipa Joud. Ile ya zamani niliiweka kando ya spika, ikirekodi.

Metrine alifungua kwa maombi marefu. Akamshukuru Mungu kwa kondoo aliyerudi. Nikaanza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyevunjika. Nikasema nilipotea, nilipenda hadithi ya wanaume wawili, na ninataka kueleza ubaya wake ili wengine waonywe.

"Huyo Tan ndiye mbaya kuliko wote," nikasema. "Ni mtu wa kufuata wenye magari. Alipopata mwingine mwenye pesa, alimwacha Phu hospitalini."

Nilimsikia Metrine akikohoa. Kipaza sauti chake kilikuwa wazi, kama inavyopaswa kwa kiongozi. Nikaendelea kumpaka Tan matope. Nikasema alikuwa mwizi wa mapenzi, alicheka akitoka mlangoni. Metrine akasema "Bwana asifiwe" haraka haraka, mahali pasipohitaji. Hapo nikajua sufuria imeanza kuchemka.

"Phu alikuwa na homa kali," nikasema, "na yule Tan hata uji hakumpikia."

"Alimpikia."

Nilisikia mashine yake ya Jeddah ikimwaga maji.

Angeweza kunyamaza hapo. Angesema amemaanisha kitu kingine, na watu wangemwamini. Lakini namjua.

"Alimpikia uji wa mchele na tangawizi, akauacha umefunikwa," Metrine akasema, na sauti yake haikuwa ile ya machozi ya kanisani. "Hakukuwa na mwanamume wa gari. Mama yake Phu ndiye alimpigia magoti amwache mwanawe. Tan alilia ngazi zote za hospitali. Wewe Mama Valary usimsingizie mtu."

Mama Priscah alifungua kipaza sauti chake. Koo lake lilikuwa bado bovu.

"Dada Metrine," akasema, "uliapa kwa kaburi la mama yako kwamba hao hata majina huyajui. Huyo mama aliyepiga magoti umemwona wapi?"

Nilingoja. Nilitaka wamwangukie kama walivyoniangukia mimi, mmoja mmoja, kwa majina ya malaika na mashetani. Badala yake mtu akafungua kipaza sauti. Alikuwa Eddah.

"Samahani, Mama Priscah," akasema. "Kwani baada ya hospitali, alirudi au hakurudi?"

Maryann akacheka kule Manfuha, chumba kizima kikacheka naye maana wanaishi wengi. Vipaza sauti vikafunguka kila upande, mashine zikanguruma zote pamoja, na wanawake ambao walinitenga wakaanza kusema maoni yao juu ya Tan na Phu. Mmoja alikuwa upande wa mama mkwe. Mwingine alisema yeye amefika kipindi cha mwisho, asiulizwe. Mama Priscah alijaribu kukasirika, ikamshinda. Alisema mimi nimerudi, kosa limefutwa, na Metrine apumzike kidogo kuongoza. Kupumzika kidogo. Mimi nilipata miezi ya ukimya, yeye alipata kicheko. Walimwita "Mama Tan" kwa utani, na kufikia mwisho wa simu naye alikuwa anacheka kwa pua.

Mimi sikucheka. Kicheko kile hakikufika Chwele. Kule bado nilikuwa mwanamke aliyegeuka.

Nilikata simu, nikatafuta namba ya Mama Mirriam, nikamtumia sauti yote, kuanzia maombi ya kondoo aliyerudi hadi swali la Mama Priscah. Nikaongeza maneno machache kwa sauti yangu: huyu ndiye aliyekuletea habari zangu, msikilize mwenyewe. Niliendelea na kanzu za baba.

Jumapili ilipita. Jumatatu mchana Metrine alinipigia. Alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa analia vibaya, kwa kukwama na kumeza. Akina mama walikuwa wamekaa kikao. Jina lake lilikuwa limesomwa mbele ya kanisa, pamoja na kiapo chake cha kaburi, na mama yake mwenyewe, ambaye yu hai na alikuwa ameketi benchi la pili, alikuwa amesimama akatoka nje.

Kuhusu hilo kaburi, sikuwa nimelifikiria. Metrine ndiye aliyemzika mama yake akiwa mzima, si mimi.

"Kikundi kilikuwa kimeshakusamehe," akasema. "Ulikuwa umesharudi. Kwa nini ulituma nyumbani?"

"Wewe ulipeleka yangu siku hiyohiyo."

"Watoto wangu wanasali pale, Mama Valary. Wanachekwa njiani. Futa, uwaambie uliigiza sauti, uwaambie chochote."

Wageni wa Valary walikuwa bado hawajasema lolote. Nilisikia madam akishuka ngazi, akiitisha kahawa.

"Wangu pia anasali pale," nikamwambia. "Halas, Metrine. Yamekwisha." Nikaweka simu mfukoni, nikaenda kuteleka birika.