Firigisi ya Baltazari

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Robi huteremsha ungo kutoka juu ya banda la kuku, akazigeuza pilipili zake kavu moja moja, akaurudisha juani. Mimi ni mpangaji wake wa chumba cha uani, hapa Mwisenge, Musoma. Akianza kukaanga, mtaa mzima tunapiga chafya.

Upishi huo aliupata Bunda, alipokuwa mpishi msaidizi kwenye kambi ya Wachina waliojenga barabara. Kuku hukatwa vipande vidogo na mifupa yake, akakaangwa kwa tangawizi, vitunguu saumu, pilipili nyingi kuliko nyama, na punje fulani za kwao zinazotia ulimi ganzi.

Mumewe, Baltazari, alipougua kiharusi, daktari alimkataza chumvi. Akasusa chakula. Ugali ulirudi jikoni kama ulivyokwenda, mashavu yakambonyea. Siku Robi alipompikia kuku wa Wachina, bila chembe ya chumvi, jasho lilimtoka, machozi yakamtoka, kisha akasukuma sahani mbele: "Ongeza." Tangu hapo wanakula sahani moja, uani, wapita njia wakiona.

Habari zikafika Butiama, kwao Baltazari. Jumapili moja kaka yake mkubwa, Magige, akaja na gari la kukodi.

"Shemeji, mdogo wangu umemgeuza Mchina. Tena mnakula sahani moja hadharani! Leo naondoka naye, akalishwe na dada zake."

"Karibu kwanza chakula, shemeji," Robi akasema, akaweka sinia mezani.

Magige alionja kipande kimoja tu. Alikohoa mpaka kofia ikaanguka.

"Hiki ni chakula au adhabu?"

"Kumbe wanaume wa Butiama mnashindwaga na pilipili?"

Baltazari akacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Magige akafuta macho.

"Haya, ale firigisi yake tuondoke."

Kwao firigisi ni ya mwenye mji. Mwanamke huipika, haionji. Robi alikuwa ameiacha nzima, juu ya vipande vyote. Baltazari aliiokota kwa mkono wake mzima, akaing'ata nusu. Nusu iliyobaki akaipeleka mdomoni kwa mkewe. Robi akafumbua kinywa, akatafuna polepole, macho ameyakaza kwa shemeji yake.

"Baltazari! Mbele yangu?"

"Kaka." Siku hizi maneno humtoka kwa shida. "Huu mji... ni wetu wawili. Siendi."

Magige akaokota kofia yake. Gari likarudi Butiama na kiti kimoja kitupu.

Robi alipokuwa akisugua sinia, nilimsogelea. Nilikuwa na swali moja tu.

"Mama, je, kama angekubali kwenda?"

"Ningepanda gari hilohilo," akasema, "na sufuria yangu mapajani."