Chombo cha Arusi Kilichonadiwa

Nakumbuka asubuhi moja ya mnada mjini Garissa, mwanangu, nikiwa mwari anayengoja kuozwa. Vita vilikuwa vimetutoa nyikani, vyombo vyetu tukaviweka kwenye bohari ya mtu, na ada ilipotushinda mwenye bohari akavipeleka kwa dalali. Tangazo hatukuliona. Tulisikia kwa jirani, tukakimbia.

Humo kilikuwamo chombo changu cha arusi. Mama alikisuka kwa mizizi, akakivika ngozi na kauri, akakizungushia kamba zenye mafundo ambayo wanawake wa upande wa bwana harusi hutakiwa kuyafungua bila kisu, ndipo waifikie nyama iliyohifadhiwa kwa samli. Nyinyi wa siku hizi mnaleta keki, haya. Kwetu chombo hicho hakitajwi bei. Kukitajia bei ni kama kumtajia bei bibi harusi mwenyewe.

Basi dalali akakiinua, akasema ni kikapu kikuukuu, akauliza kama kuna mwenye neno. Mama alitazama chini. Wanawake wote waliokijua wakatazama chini pamoja naye, kwa heshima. Mgeni mmoja akakichukua kwa bei ya majani ya chai.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkalimani mahakamani. Alipofika hakutupa pole kwanza.

"Abaayo," alimwambia dada yake, "heshima ni ya nyumbani. Mnadani, anyamazaye amekubali."

Kisha akatueleza kwamba bei ndogo peke yake haivunji mnada, ila mnada usiotangazwa, au ambao mali imetajwa sivyo, hulalamikiwa mahakamani, na aliyekosea akadaiwa fidia. Nikasema sitaki fidia, nataka chombo changu. Lakini mgeni alikwisha kuondoka na lori la Nairobi, na siku hizo za vita sisi watu wa nyikani kutoka mjini kulitaka kibali cha serikali. Mama naye hakushtaki. Hakimu angemwuliza thamani ya chombo, naye angelazimika kujibu.

Nikaolewa. Nyama ililetwa ndani ya sufuria, na wakwe zangu wakakaa mikono mapajani, hawana fundo la kufungua. Mama alitoka nje akalia. Mpaka leo nikiona kauri sokoni moyo unanivuta, natamani nikishike mara moja tu.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mnadani, mwanangu, mshindo ni wa nyundo tu. Kazi ya mikono ya watu wako ikifika huko, simama kabla nyundo haijagongwa, sema ni kitu gani, dai iwekwe bei ambayo haitashuka chini yake. Wakikupuuza, nenda mahakamani mapema, uulize tangazo lilibandikwa wapi, maana haki nayo ina muda wake. Na ukiona mama yako amenyamaza kwa heshima, msemee wewe.

Mungu akupe mikono inayojua kusuka, na ulimi usioona haya kuitetea. Amin.