Jiwe la Mama Lililogeuka Tope

Saa moja na nusu asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake cha kutengeneza mashine za kufulia, fundi mmoja anapiga magoti uani na kuweka kiganja juu ya pipa dogo la plastiki. Pipa linazunguka polepole, likikoroma. Anategea sikio.

"Yanagongana," anasema. "Maji yamepungua."

Ndani kuna mawe aliyookota kwenye vifusi vya ujenzi. Huyachanganya na maji na unga mkali wa msasa, kisha mota aliyoing'oa kwenye mashine mbovu huyazungusha bila kupumzika kwa wiki nne. Kila wiki huyaosha na kubadilisha unga, mwingine laini zaidi, mpaka jiwe kavu ling'ae kana kwamba limelowa.

Hauzi hata moja. Ana miaka hamsini na sita, na thelathini kati ya hiyo ameitumia kulala chali chini ya mashine za watu. Mawe ndiyo starehe yake. Mtaani wanamwita Bwana Mawe. Mkewe husema ameolewa na mwenye mashine ya kusaga, ila unga hajauona.

Tangu mwaka jana, starehe hiyo imeingia shubiri.

Dada yake mkubwa alikuwa anahama nyumba, akamwachia sanduku la vitu vya marehemu mama yao. Humo mlikuwa na jiwe la kusugulia nyayo, kubwa kama ngumi, jeusi kwa uchafu wa sabuni, lenye kishimo upande mmoja ambapo kidole gumba cha mama kilikaa miaka arobaini. Fundi akawaza kumshangaza dada yake: angemrudishia likimeremeta siku ya kuingia nyumba mpya.

Kwa kawaida, jiwe geni hulikwaruza kwanza kwa msumari. Likichubuka ni laini, halifai. Siku ile hakulikwaruza.

"Sikusahau," anasema, macho chini. "Niliogopa msumari usije ukanikatalia. Nilishalitaka."

Siku ya saba alipofungua pipa, mawe mengine yote yalikuwemo. La mama lilikuwa limesagika, limekuwa tope la kijivu. Alilichuja kwa kitambaa, akaambulia vipande viwili, kila kimoja kama punje ya hindi.

Akampelekea dada yake vipande hivyo katika bahasha, akaanza kumweleza habari za mawe laini na mawe magumu. Dada alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe uliona uchafu, mdogo wangu," akamwambia. "Mimi nilikuwa naweka kidole changu mle alimoweka mama."

Hakumfukuza wala hakupaza sauti. Ila kwa miezi kumi na moja wamekuwa wakipeana salamu kupitia watoto tu. Fundi anakiri kwamba kinachomuuma kuliko jiwe ni yale maelezo. Alikwenda kufundisha pale alipopaswa kuomba radhi.

Alikuwa ameandaa jiwe la rangi ya asali, alilolirudisha pipani mara tatu, ampelekee. Mkewe akamkataza; alisema hilo halilipiki kwa jiwe. Wiki iliyopita fundi akajipa moyo, akampigia dada yake simu, akaomba aende Jumapili.

"Njoo," dada akasema. "Lakini uje mikono mitupu."

Jumapili ni keshokutwa. Amepanga kumwambia, "Nisamehe, dada," kisha anyamaze. Kunyamaza, anasema, ndiko kutakakompa taabu.