Mke Mwenzangu Juu ya Paa

Redio ilipotangaza kwamba kimbunga kinakuja pwani yetu, mtu wa kwanza kubisha hodi kwangu Bungu alikuwa mke mwenzangu. Mume wetu alikwisha fariki, na mwenzangu akabaki kwake Mkongo. Tangu tutoke eda hatukuwa tumetembeleana. Ugomvi haukuwepo, ila hakuna aliyeanza kumfuata mwenziwe.

"Dada, nimekuja kuangalia paa lako," alisema kabla hajaketi. "Langu nimeshamaliza."

Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka, na tangu utotoni mwenzangu alipanda mapaa pamoja naye. Alivaa suruali ndani ya dera, akajifunga kanga kiunoni, akapanda. Majirani walisimama njiani wakitazama. Mimi nilishika ngazi huku nikimwomba Mungu asianguke.

Misumari mingi ilikuwa imelegea, na raba za chini ya vichwa vyake zimeliwa na jua.

"Upepo ukipata upenyo hapa, unaingia chini ya bati na kulinyanyua lote," aliniambia.

Tukang'oa misumari mibovu, akapigilia mipya. Mbao moja iliyotafunwa na mchwa tukaibadilisha. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, akazifunga kwa waya mnene zishikamane na ukuta, halafu tukakata matawi ya mkorosho yaliyoegemea bati.

Alipotaka kuaga, manyunyu yalikwisha anza.

"Mwenzangu, leo huendi popote," nikamwambia. Akacheka, akavua viatu.

Upepo ulitukuta asubuhi, tumetoka kusali. Tulikaa kitandani bega kwa bega, bati likiguna juu yetu kama mtu mwenye homa. Kila lilipoguna nilimkamata mkono.

"Liache ligune," alisema. "Halitoki hilo."

Halikutoka. Kulipotulia tulikuta choo cha makuti kimelala chini, na bati za jirani zimetawanyika kwenye mihogo. Mwenzangu alichukua ngazi akaenda huko, chai hajanywa.

Nilibaki jikoni nakuna nazi, chini ya paa kavu, machozi yakinitoka. Nilimshukuru Mungu. Nikamshukuru na marehemu kwa kumwoa mwanamke yule, jambo ambalo siku aliponiletea habari zake sikudhani ningelitamka maishani.

Wali ulipoiva nilimpelekea. Alikuwa juu kwa jirani, misumari mdomoni. Akaniashiria niufunike, kwanza amalize safu ile.