"Acha" ya Bwana Jivraj

Kwetu Voi, kwenye nyumba za reli, mtoto alijifunza kusimama kwa kushikilia gongo la hoki. Baba yetu Thadeus, mwendesha ishara za treni, aliicheza ujana wake wote. Hata mimi Tryphena niliichezea shule, na nina kovu kwenye muundi la kumwonyesha asiyeamini. Kaka yangu Elijah naye alicheza hoki, tena vizuri, maana hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka.

Halafu, mwaka wa sitini na saba, akaipenda kriketi.

"Mchezo gani huo, mtu anasimama juani kutwa akingoja mpira umfikie?" Baba aliuliza huku akimega ugali. "Hiyo si kazi ya mlinzi?"

Akaapa hatakanyaga uwanjani. Lakini mimi nilimjua Elijah. Hakutaka kikombe wala sifa za mtaa. Alitaka Baba aje amwone akicheza kriketi, basi.

Nahodha alikuwa Bwana Jivraj, karani wa stesheni. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila akifurahi lugha ya kwao ilimtoka: "Acha! Acha!" Kwao maana yake ni vizuri. Maskini Elijah, siku ya kwanza kila alipopiga mpira wa maana alisikia "acha", akaweka chini ubao wa kupigia na kuomba radhi. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Alipoeleweshwa, ikawa sasa akiambiwa "acha" anavimba kichwa.

Ikaja mechi na timu ya shamba la mkonge. Zilibaki alama mbili tushinde, Elijah na Bwana Jivraj, wapigaji wetu wa mwisho, wakiwa kati, kila mmoja mbele ya vijiti vya upande wake, na alama hupatikana wote wawili wakikimbia kubadilishana pande. Mara namwona Baba kando ya uwanja, mikono nyuma, anajifanya anakagua reli. Elijah naye alimwona.

Mpira ukaja, akaupiga, ukabiringika mbele yake hatua chache tu, ukaokotwa na adui. Kukimbia kulikuwa wazimu.

"Acha!" Bwana Jivraj alipaza sauti, safari hii kwa Kiswahili.

Elijah akasikia sifa. Akatimua mbio huku anatabasamu, akamfikia nahodha wake ambaye hata hakuwa ameinua mguu, wakasimama pamoja kama abiria wanaongoja treni. Upande alioacha wazi, vijiti vikaangushwa. Mechi kwisha.

"Si nimesema acha!"

"Nilidhani unanisifu, kapteni."

Uwanja mzima ulicheka. Elijah machozi yalimlengalenga, na mimi nilimkasirikia Baba kwelikweli: siku zote hizo haji, anakuja kuona hili!

Baba akaingia uwanjani moja kwa moja. "Bwana Jivraj, kosa ni lako. Mpira ulikuwa mbele ya kijana, kwa hivyo mwenye kuamua mkimbie au msikimbie ni yeye. Wewe kazi yako ilikuwa kukimbia."

Desturi ya kriketi ndivyo ilivyo. Kumbe kibanda cha ishara kinatazama uwanja, na Baba hakuwa amekosa hata zoezi moja.

Elijah alicheza michezo yote miwili mpaka magoti yakakataa, mwaka wa themanini na moja. Baba alifika kila mechi ya kriketi, akawa mzigo, anagombana na waamuzi, anafundisha mashabiki wasiomwuliza. Elijah alikuja kunisihi, "Tryphena, tafadhali, mwambie abaki nyumbani."

Sikumwambia. Jumamosi moja tu Baba alipata malaria asifike, na Elijah alitolewa kwa mpira wa kwanza.